Milimita Nane Zinapoonekana Tisa

Risasi ya Kalashnikov, ile inayojulikana kwa kaliba ya 7.62, ukiishika mkononi na kuipima kwa kalipa ina kipenyo cha milimita 7.92. Risasi ya bastola iliyozoeleka zaidi duniani ina milimita 9. Zikiwa mezani hakuna atakayezichanganya: moja ndefu yenye ncha, nyingine fupi nene. Sasa chukua ile ya Kalashnikov ikiwa imekwama ndani ya paja la mtu, sentimita 10 juu ya bamba linalopokea mionzi, na mashine ya eksirei imewekwa sentimita 100 kutoka kwenye bamba hilo. Kwenye skrini upana wake utasomeka milimita 8.8. Kama imegeuka kiasi cha kuonyesha kitako chake tu, au imegonga mfupa ikabondeka, ncha haionekani tena, na daktari mwenye haraka anaweza kuandika kwa nia njema kabisa: risasi ya bastola, milimita 9. Karatasi hiyo ikifika kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, imekwisha kuwa ushahidi.

Huku Katana, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hili si zoezi la darasani. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kabare, kama kilomita 45 kaskazini mwa Bukavu, umekaa juu ya barabara inayofuata ukingo wa Ziwa Kivu kwenda Goma, na vita vya Kivu vimepita kwenye barabara hiyo zaidi ya mara moja. Ilikuwa hivyo Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani kabisa, ulipotekwa na waasi wa M23 tarehe 14 na Bukavu yenyewe ikafuata siku mbili baadaye. Watu wenye vyuma mwilini wapo. Na mbali na vita zipo pikipiki, yapo mapaja yaliyovunjika barabarani, wapo watoto wanaomeza kila kinachong'aa. Wengi wao huishia hospitali ya Fomulac, hospitali kuu ya rufaa ya Katana, iliyobaki na jina la mfuko wa tiba ambao Chuo Kikuu cha Louvain kiliuanzisha Kongo enzi za Wabelgiji.

Mahali kama hapa ndipo mashine ndogo ya eksirei ya kidijitali inapopata maana yake yote. Kichwa cha mashine kama FDR Xair ya Fujifilm kina uzito wa kilo 3.5, yaani chini sana ya debe la maji. Kinatumia betri. Bamba la kupokea picha na kompyuta ndogo vinaingia kwenye mkoba, mkoba unapanda pikipiki, na kituo cha afya cha mlimani ambacho hakijawahi kuona chumba cha mionzi kinapata picha ndani ya sekunde chache, bila filamu wala dawa za kusafishia. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2021 kwamba programu za kompyuta zitumike kusoma picha za mapafu za watu wa miaka 15 na zaidi katika kusaka kifua kikuu, mashine hizi zilipata msukumo mkubwa, na Kongo ni miongoni mwa nchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo.

Mimi nazipenda mashine hizi, na ninataka ziwe nyingi zaidi. Ndiyo sababu nasema jambo ambalo halisemwi siku ya kukabidhi msaada, mbele ya kamera na kitambaa cha kukata: mashine inatoa picha, haitoi kipimo. Kipimo kinatengenezwa na mtu, kando ya kitanda, kabla ya kubonyeza kitufe. Baada ya hapo umechelewa.

Sababu yake unaweza kuiona nyumbani kwako usiku umeme ukikatika. Washa tochi ya simu, elekeza ukutani, weka kiganja katikati. Kiganja kikigusa ukuta, kivuli kinalingana nacho. Kisogeze kuelekea tochi, kivuli kinavimba hadi kinafunika ukuta mzima. Kiganja hakijabadilika, umebadilika umbali. Mionzi ya eksirei nayo hutoka kwenye kidoa kimoja kidogo, pengine cha upana wa milimita moja, na kutawanyika kadiri inavyokwenda; kilichopigwa ni kivuli. Hesabu yake haizidi ile ya shule ya msingi: umbali wa mashine hadi bamba, ugawanye kwa umbali wa mashine hadi kitu chenyewe. Kwa risasi yetu ni 100 gawanya kwa 90, yaani 1.11. Zidisha 7.92 kwa 1.11, utapata 8.8.

Mtu atauliza, si uisogeze mashine mbali ili kosa lipungue? Ingefaa. Picha ya kifua katika chumba kamili hupigwa kutoka sentimita 180 kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mionzi haisamehe umbali: ukiuongeza mara mbili, kinachofika kwenye bamba kinabaki robo. Mashine ya kilo tatu na nusu haina nguvu ya kulipia deni hilo, hasa mbele ya paja nene au nyonga ya mtu mzima. Kwa hiyo husogezwa karibu, na ikisogezwa karibu hukuza zaidi. Wepesi ule ule unaoifikisha mlimani ndio unaoiongezea kosa la kipimo.

Dawa ya kosa hili ni gololi. Gololi ya chuma ya beringi, iliyokwisha pimwa kwa kalipa. Wapasuaji wanaopanga nyonga za bandia wamezoea ya milimita 25. Inabandikwa kwa plasta kwenye ngozi, picha inapigwa, na kwenye skrini gololi na kitu kinachotafutwa vinaonekana pamoja. Kama gololi ya milimita 25 inasomeka 27.8, unajua kila kilichokuwa katika kimo chake kimekuzwa kwa 1.11, na unakirudisha kwenye saizi yake kwa kugawanya. Gololi ni bora kuliko sarafu, kwa kuwa haina ubavu: upande wowote utakaoipiga, kivuli chake ni duara lile lile. Na hata hivyo sarafu tungezitoa wapi? Faranga ya Kongo tunayolipia samaki wa sambaza sokoni ni noti tupu.

Kazi yote iko katika maneno "kimo chake". Mgonjwa amelala chali, bamba liko chini ya paja. Mtaalamu anagusa ubavu wa nyonga, anautafuta kwa vidole mfupa unaochomoza pale, kwa kuwa fupa la paja limelala karibu na kimo hicho. Gololi anaibandika hapo, pembeni, si juu. "Papa, usitikisike, uishike pumzi." Akiwa na haraka akaibandika juu ya paja, mahali ambapo plasta inashika vizuri zaidi, gololi inakuwa sentimita 18 juu ya bamba badala ya 10. Sasa yenyewe imekuzwa kwa 1.22, na risasi ikigawanywa kwa namba hiyo inashuka hadi milimita 7.2. Akiiacha juu ya bamba, karibu haikuzwi, na risasi inabaki karibu 8.8. Gololi moja, mgonjwa mmoja, majibu matatu, na moja tu ndilo la kweli. Hakuna programu ya kompyuta itakayogundua hilo baadaye, maana kwenye skrini gololi zote tatu ni duara jeupe safi.

Na kama kitu kiko ndani sana, mahali ambapo huwezi kukisia kimo chake? Hapo kuna njia ya zamani ambayo inanifurahisha kila ninapoifikiria, kwa sababu haidai kifaa chochote cha ziada. Piga picha ya kwanza. Bamba na mgonjwa visitikisike. Sogeza mashine pembeni kwa sentimita 10, sambamba na bamba, upige ya pili. Vivuli vyote vitahama, na kilicho juu zaidi kitahama zaidi. Kama kivuli cha risasi kimehama sentimita 1.1, gawanya 1.1 kwa 10, jumlisha moja: 1.11. Ukuzaji umeupata bila hata kujua risasi iko wapi. Ukiwa na umbali wa mashine pia, unapata na kina chake, na mpasuaji anajua ashuke sentimita ngapi. Gharama yake ni mionzi ya picha moja zaidi kwa mgonjwa, na hiyo ipimwe kwa haki: kwa chuma kilicho karibu na mshipa mkubwa inafaa, kwa mtoto mwenye kipande kidogo chini ya ngozi haifai.

Njia hii ilizaliwa mapema mno. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani, na kabla ya karne kwisha daktari James Mackenzie Davidson alikuwa akitumia picha mbili na nyuzi zilizovutwa kukokotoa mahali chuma kilipo mwilini. Afrika nayo ilikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza vya mashine za kubebeka. Mwaka 1898 Meja John Battersby alizipeleka hadi Abadieh, kando ya Nili nchini Sudan, na umeme wa kuchaji betri zake ukatoka kwenye baiskeli iliyokanyagwa na askari katika joto lile. Baada ya mapigano ya Omdurman majeruhi 121 wa Kiingereza walifikishwa kwake. Kwa 21 kati yao risasi haikupatikana kwa njia za kawaida. Kwa 20 kati ya hao 21 mionzi ilitoa jibu. Maelfu ya Wasudani walioanguka siku ile hawamo katika hesabu hiyo, na sioni sababu ya kuisimulia habari hii bila kulisema hilo.

Turudi Kivu, maana leo kuna tatizo ambalo Battersby hakulijua: simu. Picha ya kidijitali inapozaliwa huwa ndani ya faili la DICOM, mfumo wa kuhifadhi picha za tiba, na ndani ya faili hilo imeandikwa kila pikseli ina upana gani, mara nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.2. Ndiyo maana programu inaweza kuchora mstari na kukuandikia milimita. Jihadhari hata hapo: milimita hizo kwa kawaida ni za kwenye bamba, ni za kivuli, na programu haijui risasi ilikuwa juu kiasi gani. Lakini angalau ni milimita. Katana, kama kwingineko, daktari wa zamu anaipiga picha skrini kwa simu yake na kuituma WhatsApp kwa mpasuaji aliye Bukavu. Hapo faili limebaki nyuma, pikseli zimebanwa, na picha inayofika mjini haina kipimo chochote. Mpasuaji anaikuza kwa vidole viwili, anaipunguza, anakisia.

Kama gololi imo ndani ya picha, hata hivyo, imesafiri nayo. Ibane, ipige tena kutoka kwenye skrini, itume Nairobi na irudi: gololi na risasi zimepungua pamoja, na uwiano wao umebaki. Gololi ikiwa na upana wa pikseli 200 na risasi pikseli 63, chukua 63, gawanya kwa 200, zidisha kwa 25. Jibu ni milimita 7.9. Kwa hospitali isiyo na mtandao wa kutuma mafaili mazito, sijui kifaa kingine cha bei hiyo chenye faida kubwa namna hii.

Wapo watakaosema milimita moja si kitu cha kuandikia makala. Waulize wanaotengeneza mapaja. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki fupa la paja lililovunjika huungwa kwa msumari wa SIGN, fimbo ya chuma inayopitishwa katikati ya mfupa, iliyobuniwa na shirika la SIGN lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle wa jimbo la Washington, Marekani, mahususi kwa vyumba vya upasuaji visivyo na mashine ya kuonyesha picha moja kwa moja wakati wa kazi. Misumari hiyo hutofautiana kwa milimita moja moja. Tundu la mfupa lenye milimita 10 linasomeka 11 kwenye picha isiyosahihishwa. Mpasuaji mzoefu atalihisi tundu kwa vifaa vya kukwangulia na kujisahihisha mkononi. Lakini aliyeagiza misumari ya mwezi mzima kwa kutazama picha, na barabara ikafungwa, atabaki na masanduku ya namba isiyofaa.

Kuna suala moja la watoto ambalo ningependa kila mzazi wa Katana, Kalehe na Bukavu alijue. Betri bapa, zile za saa, rimoti na vitu vya kuchezea vyenye taa, zipo nyumbani kwetu kwa mafungu. Aina ya CR2032 ina kipenyo cha milimita 20, saizi ambayo hukwama vizuri katika koo la chakula la mtoto mdogo. Ikikwama, umeme wake hupita kwenye nyama yenye unyevu na kuanza kuiunguza; saa 2 zinatosha kuleta madhara makubwa. Katika nchi zenye sarafu, duara jeupe kwenye picha ya kifua cha mtoto huchukuliwa haraka kuwa sarafu, na mtoto huambiwa asubiri. Kwetu, ingawa za Rwanda huvuka mpaka mifukoni mwa watu, dhana hiyo haina msingi. Duara linalong'aa linapaswa kuhesabiwa kuwa betri mpaka ithibitike vinginevyo. Ishara ni mbili. Ikitazamwa uso kwa uso, betri ina ukingo wa pili ndani ya ukingo. Ikitazamwa ubavuni, ina ngazi ndogo, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Kipimo kinasaidia ishara hizo: ukijua mtoto alikuwa umbali gani na bamba, duara linalosomeka milimita 21 na ushee ni la 20. Lakini kipimo kisiwe kisingizio cha kuchelewa. Mwenye shaka ampeleke mtoto kunakoweza kutolewa betri saa hiyo hiyo, na hesabu zifanyike njiani.

Moyo nao huonewa na mashine ya kando ya kitanda. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kifua. Kanuni hiyo ilijengwa juu ya picha ya mtu aliyesimama, kifua kikigusa bamba, mionzi ikiingia mgongoni kutoka sentimita 180. Mgonjwa wa mlimani amelala, bamba liko mgongoni, mashine iko sentimita 100 juu ya bamba, na moyo, unaokaa mbele, uko mbali na bamba. Tuchukue mfano wa moyo wa sentimita 13 katika kifua cha sentimita 28, na makisio ya kawaida ya vimo: picha ya kusimama inatoa uwiano wa 0.45, ya kulala inatoa 0.50. Mtu amefikishwa kwenye mpaka wa ugonjwa kwa kulazwa tu, na hapo sijahesabu kwamba akilala kiwambo cha pumzi hupanda na kuutanua moyo zaidi. Dawa za moyo ni ghali, na hofu ya moyo ni ghali kuliko dawa. Picha ya kulala iandikwe kuwa ni ya kulala, kwa herufi kubwa, kwenye picha yenyewe.

Mpaka hapa nimesema juu ya umbali. Lakini kuna kosa la kipimo ambalo gololi haiwezi kulitibu, na historia ya eneo hili inalijua vizuri. Dakika chache kutoka Katana, kwenye mteremko unaoutazama mlima Kahuzi, kuna Lwiro. Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi yao ya utafiti wa sayansi Afrika ya Kati, mwaka 1947, na majengo yake makubwa bado yamesimama, leo yakiwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Kutoka Lwiro na kisiwani Idjwi, watafiti kama François Delange walifuatilia uvimbe wa tezi la koo na watoto waliodumaa akili na mwili kwa kukosa iodini, na wakaonyesha jinsi mihogo ilivyozidisha tatizo hilo. Tezi la koo likishindwa kazi, mifupa hukawia kukomaa. Picha ya mkono au goti la mtoto inaonyesha hivyo waziwazi: viini vya mfupa vilivyopaswa kuwapo havipo, au ni vidogo kuliko umri wake.

Vidogo kuliko umri wa nani? Kitabu kinachotumiwa zaidi duniani kulinganishia mifupa ya mkono ni atlasi ya Greulich na Pyle, iliyotolewa mwaka 1950 na tena 1959. Mikono iliyomo ni ya watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Ohio, waliopigwa picha kuanzia miaka ya 1930. Hata kati ya vijana hao wenyewe, tofauti ya mwaka mzima mbele au nyuma kwa wenye umri mmoja ilikuwa ya kawaida. Sasa mchukue kijana wa Kabare aliyekulia njaa ya vita, labda aliyewahi kuugua kwashakoo, umpime kwa mkono wa Cleveland. Mifupa yake itasema ni mdogo kuliko alivyo. Vijana wa kwetu wanaofika Ulaya bila cheti cha kuzaliwa wamekuwa wakipigwa picha za mkono ili umri wao uamuliwe, na kwa wengine uamuzi huo ndio unaogawa shule na kufukuzwa. Napinga matumizi hayo moja kwa moja. Milimita za kiini cha mfupa zinaweza kuwa sahihi kabisa na umri unaosomwa kutoka humo ukawa uongo.

Lwiro ina pia makusanyo ya wanyama, na kwao kazi ni nyepesi. Wataalamu wa vyura, nyoka na samaki huhesabu pingili na kupima fuvu bila kumpasua mnyama, na kwa kuwa chura wa sentimita 4 analala juu ya bamba lenyewe, ukuzaji karibu haupo. Makusanyo ya Lwiro yanastahili mashine ya namna hiyo. Sokwe wa kituo cha jirani cha kuwatunza nyani yatima, kilichoanzishwa mwaka 2002, wao ni kama sisi: wana paja nene, na risasi za majangili huonekana kubwa ndani yao vilevile.

Kuna jambo dogo la mwisho kuhusu ukingo. Chuma kikiwa kinang'aa mno kwenye skrini, ukiongeza mwanga kinanenepa na ukiupunguza kinakonda, ingawa faili halijaguswa. Watu wawili wakipima risasi moja kwenye skrini mbili watatofautiana kwa nusu milimita bila yeyote kukosea. Kwa hiyo mwenye kupima apime mara kadhaa na aandike jibu lenye nafasi: kati ya milimita 7.5 na 8.5. Na kwenye suala la risasi aishie hapo. Kaliba isitajwe kwa picha pekee. Inapimwa kwa kalipa, chuma kikiwa kimetoka mwilini, kimewekwa kwenye kibahasha kilichoandikwa tarehe na jina la aliyekitoa.

Ombi langu ni kwa wakuu wa hospitali, kwa ofisi za afya za mkoa na kwa mashirika yanayoleta mashine hizi Kivu. Kila sanduku la mashine liwe na gololi tatu za chuma zilizopimwa, utepe wa kupimia na plasta. Mafunzo ya siku ya kwanza yaanze na gololi kabla ya kitufe. Kila picha itakayotumiwa kupima kitu iandikwe namba tatu: umbali wa mashine hadi bamba, kimo cha kitu kutoka kwenye bamba, na saizi ya gololi. Fundi wa kutengeneza mashine afundishwe hapa hapa, maana barabara ikifungwa hakuna atakayekuja. Nawe uliyepigwa eksirei, ukiondoka uombe faili lenyewe, si picha ya simu tu. Ni mali yako, na mpasuaji wako wa kesho atalihitaji.